Fundi wa Chini: Baba Yetu na Ndege za Kamina katika Vita ya Siku 80

Wenzetu katika kijitabu hiki wanaandika juu ya mahari, matanga, majina ya mapacha na mambo mengine ya wazee. Sisi tunaleta habari ya fundi wa ndege za jeshi. Msomaji atatuuliza: ndege na desturi zinakutana wapi? Zilikutana kwetu Kamina, chini ya mwembe, mwaka wa 1979, siku baba yetu alipoketishwa kwenye mkeka mbele ya mjomba wetu, wazee wakimwambia aseme yote aliyofanya kwa mikono yake. Sisi tulikuwa hatujazaliwa bado. Tumepata habari hii kwa mama, kwa yaya yetu wa kwanza ambaye alikuwa na miaka saba, na kwa baba mwenyewe, ambaye alikuwa akiisimulia kidogo kidogo, mara nyingi akiwa ameshika kitu cha kutengeneza.

Watu wakisikia kama mzee fulani alitumika mu FAZA, wanafikiri paka piloti. Kwenye masomo ni vilevile. Tukifundisha vita za Shaba katika darasa la tano, wanafunzi wanataka kujua nani aliruka na parashuti na nani alitupa bomu. Hakuna anayeuliza nani alijaza mafuta. Lakini kwa kila mtu mmoja aliyeketi ndani ya ndege, palikuwa na wengi waliobaki chini: wa injini, wa magurudumu, wa umeme, wa silaha, wa redio, hata wale wa kufagia uwanja. Baba yetu alikuwa mmoja wa hao. Kwa miaka yake yote ya jeshi alipanda ndege mara mbili tu, na mara moja katika hizo alitapika.

Tuseme kwanza juu ya mahali. Base ya Kamina, ambayo wengi bado wanaiita BAKA, ilijengwa na Wabelgiji baada ya vita kuu ya pili. Walitafuta mahali pakubwa, mbali na Ulaya, ambapo jeshi lao lingeweza kukimbilia kama vita ingine ingezuka, na ambapo mapiloti wao wangejifunza katika mbingu isiyo na mawingu mengi. Waliweka viwanja virefu, maangari, nyumba za mafundi, na umeme wa maporomoko ya Kilubi. Mji wetu ulikuwa tayari mji wa reli, njia panda ya kwenda Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, lakini base ilikuwa ulimwengu mwingine. Wazee wetu walibeba mawe ya ile base na kukata majani yake. Kutawala hawakutawala: hadi 1960 Force Publique haikuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Katika mwezi wa 11 wa 1964, waparashuti wa Ubelgiji walipitia hapo kabla ya kushuka Stanleyville, na watu wa Kamina walihesabu ndege zao kutoka mbali kama watoto wanavyohesabu mabehewa.

Baba aliingia jeshini mwaka wa 1969, na diploma ya shule ya ufundi. Wakati ule ule serikali ilikuwa inanunua kwa Waitalia ndege ndogo za injini moja, Aermacchi MB.326, ambazo kila mtu kwetu anaziita Maki. Zilikuwa na viti viwili, zilifaa kwa kufundishia, lakini chini ya mabawa zilikuwa na mahali sita pa kutundika roketi, bunduki na mabomu. Waitalia walikuja kufundisha marubani na mafundi. Kwa sababu hiyo baba yetu, Muluba wa Kamina ambaye hakufika Italia hata siku moja, alikuwa akitukemea kwa Kiitalia. Tukikimbia na sahani mkononi alisema “piano, piano!” Tulikuwa wakubwa tulipojua kama si Kiluba cha ndani.

Kazi yake ilianza kabla ya jua. Fundi anazunguka ndege kwa mguu, kila mara kwa upande ule ule, asiruke kitu. Anagusa magurudumu. Anafungua kijibomba chini ya tangi kuona kama maji yameingia katika mafuta. Anatazama mdomo wa injini, maana jiwe dogo likinyonywa mule linavunja visu vya ndani, na injini inakufa. Kila asubuhi walijipanga mstari mmoja, wakubwa na wadogo wa cheo, na kutembea polepole juu ya uwanja wakiokota mawe, vipande vya waya, hata misumari ya viatu. Baba alisema kama ile ndiyo saa pekee ambapo serja na soda mdogo walikuwa wameinama sawasawa.

Halafu kuna pini. Tunaomba msomaji azikumbuke, maana habari yetu yote imening'inia hapo. Kiti cha piloti wa Maki kinaweza kumrusha nje, na silaha zilizotundikwa zinaweza kulipuka. Juu ya hiyo, ndege ikiwa chini, vyote vinafungwa kwa pini za chuma zenye utepe mwekundu. Karibu na kuondoka, fundi anazitoa moja moja, anazihesabu, anasimama mbele ya piloti na kuziinua juu ili azione. Piloti akizihesabu anajibu kwa mkono. Pini moja ikisahauliwa, roketi haitoki, ao kiti hakirushi mtu siku ya hatari. Mwisho, fundi anatia saini katika kitabu cha ndege. Baba alikuwa anasema: “Piloti anarukaka na ndege, lakini ndege inarukaka na saini yangu.”

Babu yake alikuwa mfua chuma. Wasomaji Waluba hawana haja tuwaeleze uzito wa neno hilo. Masimulizi yetu ya ufalme, ya Mbidi Kiluwe na mwana wake Kalala Ilunga, yanaunganisha enzi na nyundo na fuawe; kumsimika mfalme kulikuwa na tendo la kupiga fuawe; hata wanawake walichoma katika nywele zao vipini vya chuma vyenye umbo la fuawe ndogo. Mfua chuma hakuwa mtu wa kufanya kazi na moyo mchafu. Alijitenga na mke wake kabla ya kuyeyusha chuma, na hakuwasha moto akiwa na kesi na ndugu. Baba alisomea injini kwa Kifaransa na kwa Kiitalia, lakini hayo ya babu yake hakuyaacha. Siku ya kufungua injini yote alilala juu ya kiti cha sebule. Mama alicheka, akisema kama Maki ni mke wa pili, tena mwenye wivu. Na kama walikuwa wamegombana usiku, baba hakutoka nyumbani bila kusema neno la kupatana, hata kama ni “nimekosa” ya haraka mlangoni. Hii si dini ya jeshi, hakuna ofisa aliyemfundisha. Ni sheria ya mfua chuma iliyohamia ndani ya angari.

Sasa tuje kwa mama. Mama yetu ni Lunda wa upande wa Kapanga, karibu na Musumba ya Mwant Yav. Kaka yake mkubwa alikuwa jandarme wa Katanga wakati wa Tshombe. Secession ilipovunjika mwezi wa kwanza wa 1963, wengi wa wale majandarme walivuka Angola na silaha zao. Tshombe alipokuwa waziri wa kwanza mwaka wa 1964 walirudishwa kupigana na Wasimba, na baada ya fujo za 1966 na 1967 wengine wakakimbia tena. Mjomba alikuwa katika wale wa mwisho. Kule Angola Wareno waliwatumia, halafu mwaka wa 1975 wakaungana na MPLA. Chama chao kiliitwa FLNC, kiongozi wao Nathanaël Mbumba, na watu waliwaita Tigre. Kwa miaka kumi mama hakupata barua hata moja. Baba alipomuoa alijua yote hayo, na katika mahari aliulizwa waziwazi: “Wewe ni soda wa Mobutu. Siku moja mtakutana na mtoto wetu. Utafanya nini?” Alijibu kama yeye anatengeneza ndege tu. Wazee wa mama walipokea mbuzi, lakini yule aliyeuliza alisema jibu hilo bado halijakwisha.

Tarehe 8 ya mwezi wa tatu 1977, Tigre walivuka mpaka. Dilolo, Kisenge, Kasaji, Kapanga zikaanguka moja baada ya ingine, na kabla ya mwisho wa mwezi walifika Mutshatsha, kwenye njia ya reli ya Kolwezi. Jeshi la chini lilirudi nyuma mahali pengi bila kupigana sana, na hiyo haifichiki leo. Serikali ikatuma ndege, Maki na zile Mirage 5 zilizotoka Ufaransa muda mfupi kabla. Kazi ya baba ikawa usiku na mchana. Maki zikatundikwa roketi. Yeye, kwa kuwa alikuwa na mkono mtulivu, akapewa kazi ya pini.

Hapa baba alikuwa ananyamaza kila mara anaposimulia, na sisi tulijifunza kungoja. Alijua ndege zinakwenda upande gani. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni mwao: zilikwenda magharibi. Kapanga ni magharibi. Kwa hiyo kila asubuhi alitoa pini, akazihesabu, akaziinua, akatia saini, akasimama na zile tepe nyekundu mkononi mpaka ndege ikapotea. Baadaye ilirudi na mahali pa roketi patupu. Alifurahi kuiona imerudi, maana piloti ni mtoto wa mtu na ndege ni kazi ya mikono yake. Halafu alitazama pale patupu.

Nyumbani mama hakumuuliza kitu. Yaya yetu anakumbuka kama kwa wiki nyingi walikula bila maneno, na kama baba, ambaye hakutoka nyumbani bila kupatana, alisimama mlangoni kila asubuhi, akakosa neno, akaenda. Kwa mfua chuma hiyo ni kuwasha moto na kesi ya ndugu. Alitumika hivyo tangu mwezi wa tatu hadi mwezi wa tano.

Tumewahi kumuuliza, tukiwa vijana tuliotoka ISP na vichwa vimejaa vitabu: kwa nini hukuacha pini moja mahali pake? Roketi isingetoka, na piloti angerudi mzima. Alikasirika kweli, ni mara chache tulimuona hivyo. Alisema: “Ukianza kudanganya na pini moja, ya kiti pia utadanganya. Piloti alikuwa ananiangalia mu macho. Mi siwezi kuonyesha mutu bongo.” Halafu baada ya muda mrefu akaongeza kama alilifikiri. Siku mbili alilifikiri.

Kwetu sisi, ambao tunafundisha historia, jibu hilo ni gumu zaidi ya vitabu vyote tulivyosoma juu ya ile vita. Hatujui kama tungefanya vingine.

Mambo mengine ya vita yanajulikana, tutayapita haraka. Tarehe 10 ya mwezi wa nne ndege za Ufaransa zilianza kuleta Wamoroko wapata 1,500 Kolwezi. Misri ilituma mapiloti na mafundi; baba alisema mafundi wale walikuwa na chai tamu kupita kiasi. Mwisho wa mwezi wa tano Tigre walikuwa wamerudi Angola, na redio ikaiita Vita ya Siku 80. Tarehe 13 ya mwezi wa tano 1978 walirudi, safari hii kwa njia ya Zambia, na wakaingia Kolwezi yenyewe Jumamosi asubuhi. Kwenye uwanja wa ndege wa Kolwezi waliharibu ndege zilizokuwa chini. Rafiki mkubwa wa baba, fundi wa umeme, mtu aliyesoma pamoja naye kwa Waitalia, alikuwa pale. Hakurudi. Tarehe 19 Hercules za FAZA na Transall za Ufaransa ziliwatoa Legion Kinshasa na kuwaangusha Kolwezi. Wabelgiji walishukia kwanza Kamina, na kesho yake wakaendelea Kolwezi. Baba alikuwa kwenye mafuta usiku ule. Katika vitabu utasoma majina ya makolonel wa wale waparashuti. Nani aliziweka tayari zile Hercules, nani alivuta bomba la mafuta gizani, hutasoma mahali popote. Weusi na weupe mamia walikufa katika mji ule kwa siku chache.

Baada ya hapo Mobutu alitangaza msamaha kwa waliokimbia, na kutoka Angola watu walianza kurudi. Mjomba alirudi mwaka wa 1979, amekonda, meno mawili yamepotea. Alikwenda kwanza Kapanga, kisha akatuma mtu Kamina kusema anataka kumuona dada yake, lakini hataingia nyumba ya shemeki kabla ya neno kusemwa. Desturi ni hiyo: damu ikiwa katikati ya wakwe, hata kama haijaonekana kwa macho, hawali sahani moja. Wazee watatu walikuja na mjomba kwa treni. Upande wa baba wakaja wawili, mmoja akiwa mtoto wa yule mfua chuma. Mkeka ukatandikwa nje, chini ya mwembe, maana neno la namna hii halisemwi chini ya paa.

Mjomba ndiye aliyeanza: “Shemeki, ile mwaka ya siku makumi nane, ndege zilikuya asubuhi. Tulilala mu shamba ya mihogo. Mutoto wa Kisenge alikufia karibu na miye. Wewe njo ulikuwa unazitengeneza?”

Baba akasema: “Mi njo nilitosha pini. Nilizihesabu zote. Nilitia saini.”

“Uliyua kama niko kule?”

“Niliyua.”

Yaya yetu, aliyekuwa amejificha nyuma ya mama, anasema palikuwa na kimya mpaka kuku akapita katikati ya mkeka na hakuna aliyemfukuza. Ndipo mzee wa upande wa baba akamgeukia mjomba: naye ana neno? Mjomba akatazama chini. Akasema kama mwaka uliofuata alikuwa Kolwezi, kwenye uwanja wa ndege, siku ya Jumamosi. “Zile ndege, siye njo tulizichoma. Palikuwa bantu ndani ya atelie.” Baba akauliza kitu kimoja tu, kama mmoja wao alikuwa mfupi, mwenye kovu ya moto kwenye mkono wa kuume. Mjomba akasema hakuona mikono.

Wazee hawakupima nani ana deni kubwa. Walisema kila mmoja atatoa mbuzi. Mbuzi wa baba alikwenda kwa wazee wa Lunda, wa mjomba alichinjwa pale pale, na sehemu yake ikapelekwa kwa mjane wa yule fundi wa umeme, aliyekuwa akikaa kartye ya jirani. Mjane aliipokea siku ya pili tu. Siku ya kwanza alifunga mlango. Mzee mmoja akachukua mpemba, ule udongo mweupe, akawapaka wote wawili mikononi, kutoka kiwiko hadi vidole, baba kwanza. Mama akaleta maji, halafu bukari. Walikula sahani moja. Asubuhi baba alipotoka kwenda kazini alikuwa bado na weupe chini ya kucha, na mama anasema alisimama mlangoni akaagana naye vizuri.

Alitumika kwenye base mpaka jeshi lile lilipovunjika mwaka wa 1997. Mjomba alijenga Kamina, si mbali na reli, akatengeneza baisikeli. Siku za mvua walikaa pamoja wakibishana kama Maki ilikuwa na kelele ya juu ao ya chini: mmoja aliisikia kutoka nyuma, mwingine kutoka mbele, na hawakukubaliana hata mara moja. Baba akiwa mzee tulizunguka na karatasi zake katika ofisi moja, miaka minne, wakitudai kila mara ushahidi kama alipigana. Tuliwaambia kama alikuwa fundi. Karani aliandika: “hakupigana.” Baba aliposomewa hilo hakukataa wala hakukubali, aliomba tu karatasi irudishwe ndani ya bahasha isikunjike.

Amefariki mwaka wa 2011. Katika sanduku lake tulikuta ufunguo wa bulo wa Waitalia, namba kumi na tatu, picha ya watu wanane mbele ya Maki, na utepe mmoja mwekundu usio na pini. Mjomba, ambaye alikuwa hai bado, aliuomba ule utepe. Tukampa.